Alpha Kappa Alpha

Alpha Kappa Alpha (kifupi: AKA) ni chama cha wanawake wasomi wa vyuo vikuu nchini Marekani. Kilianzishwa tarehe 15 Januari 1908 katika Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington, D.C. Ni chama cha kwanza cha aina hiyo kuundwa na wanawake Wamarekani Weusi. Kama ilivyo desturi ya vyama vya vyuo vya huko, jina lake ni herufi za Kigiriki.

Kuanzishwa

Wazo lilitoka kwa Ethel Hedgeman, mwanafunzi kutoka St. Louis. Yeye na wenzake wanane ndio walioanza. Muda mfupi baadaye waliongezeka wanafunzi saba wa mwaka wa pili. Siku hizo wanawake weusi waliofika chuo kikuu walikuwa wachache sana. Chama kilikusudia kuwaunganisha, kuinua kiwango cha masomo yao na kuhudumia jamii.

Mgawanyiko

Mwaka 1912 wanachama 22 waliokuwa bado masomoni waliamua kubadilisha jina, rangi na alama za chama. Walitaka pia kijishughulishe zaidi na masuala ya jamii na siasa. Nellie Quander, aliyekuwa amehitimu mwaka huohuo, alipinga. Suala likawa hili: je, chama ni mali ya wanafunzi waliopo chuoni tu, au pia ya waliotangulia?

Tarehe 13 Januari 1913 wale 22 waliunda chama kipya, Delta Sigma Theta. Mwezi Machi walishiriki maandamano ya kudai haki ya wanawake kupiga kura mjini Washington. Quander na wenzake waliisajili AKA kisheria tarehe 29 Januari 1913. Tangu hapo jina lake lililindwa, na njia ya kufungua matawi kwingineko ikawa wazi.

Kukua

Tawi la pili lilifunguliwa Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1913, na la tatu Illinois mwaka 1914. Mkutano mkuu wa kwanza ulifanyika Howard mwaka 1918.

Kati ya miaka 1935 na 1942 chama kiliendesha mradi wa afya jimboni Mississippi, chini ya daktari Dorothy Boulding Ferebee. Wenye mashamba walipowazuia vibarua wao kwenda kliniki, wanachama waliwafuata mashambani kwa magari na kuwachanja watoto hukohuko.

Kamala Harris, makamu wa rais wa Marekani miaka 2021–2025, alijiunga na chama hiki akiwa mwanafunzi wa Howard.