Malindi na Udongo wa Milima ya Mbooni

Mtu asimamaye sokoni Tawa, akaipa mgongo milima ya Mbooni na kuelekeza macho mashariki, huiona nchi ikitelemka daraja kwa daraja hata ikapotea katika ukungu wa joto upande wa Kitui. Na huko mbali, pasipoonekana kwa macho, hupita mto Athi, ambao ni mpaka baina ya Makueni na Kitui, na ndio mpokezi wa kila tone litiririkalo kutoka milimani kwetu. Vijito vyetu, sehemu kubwa ya mwaka, havina maji ya kuonekana. Huwa ni barabara za mchanga mweupe, na wanawake huzichimba kwa mikono hata kina cha kiunoni, wakangoja maji yajikusanye chini polepole, kisha wakayateka kwa kata na kuyamimina mitungini, punda wakisubiri kando. Lakini mvua za Novemba zikinyesha kwa nguvu, mchanga ule ule hufunikwa kwa saa chache na maji mekundu yaendayo kwa ghadhabu, yamebeba majani, mizizi, na rutuba ya mashamba ya watu, na kufika alasiri yamekwisha kupita. Wengi wetu tumeyatazama yakienda, na ni wachache mno waliopata kuuliza yanakwenda wapi.

Yanakwenda Malindi. Athi, baada ya kuandama ubavu wa uwanda wa Yatta, ambao ni ulimi wa lava ya kale wenye urefu wa takriban kilomita 300, hukutana na mto Tsavo katika nyika ya ndovu, na kutoka hapo hubadili jina na kuitwa Galana. Ukikaribia pwani huitwa Sabaki, na kwa jina hilo la mwisho huingia Bahari ya Hindi kaskazini kidogo ya mji wa Malindi, kabla ya kufika Mambrui. Kwa hiyo mji ule mdogo wa pwani, ambao wageni huusifu kwa mchanga wake na mitende yake, una nasaba na milima yetu ambayo haikuandikwa katika vitabu vingi vya taarikh, nami naona ni dhuluma kuieleza Malindi kana kwamba ilizaliwa na bahari peke yake.

Sifa za mji huo ni za kale. Al-Idrisi, mwanajiografia aliyeandika katika nchi ya Sicily mwaka 1154 pasipo kuikanyaga pwani yetu, aliitaja Malindi na kuwataja watu wake kuwa ni wachimbaji na wauzaji wa chuma. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika China na kumtunukia mfalme wa ukoo wa Ming twiga, mnyama ambaye wakuu wa kule walimdhania kuwa ni yule wa heri aliyetajwa katika visa vyao. Na miaka michache baadaye merikebu za amiri Zheng He zilitia nanga katika bahari yetu. Ni jambo la kustaajabisha kufikiri kwamba mnyama wa nyika, kama wale ambao wazee wetu waliwaona wakila majani ya migunga, alivushwa bahari zote zile akiwa hai na kupokewa kwa heshima katika baraza la kifalme.

Kisha wakaja Wareno. Vasco da Gama, baada ya kuonja uadui wa Mombasa, alifika Malindi mwezi wa Aprili 1498, na Sultani wa Malindi, kwa sababu alikuwa na husuma ya siku nyingi na Mombasa, alimpokea kwa karamu, akampa rubani wa kumvusha hadi Calicut. Kwa muda mrefu ilisemwa kuwa rubani huyo ni Ahmad ibn Majid, bingwa wa unajimu wa bahari. Wanahistoria wengi wa leo husema alikuwa Mgujarati. Vyovyote iwavyo, urafiki ule ulidumu takriban karne moja, na alama yake ingalipo hata leo, ile nguzo yenye msalaba wa jiwe la Lisbon, iliyosimama juu ya mwamba unaochomoza baharini. Mwenye kuitazama nguzo hiyo na akakumbuka yaliyofuata hawezi kuacha kuhuzunika, kwani urafiki ulioanza kwa karamu uliishia kwa mizinga. Mombasa iliposhindwa, Wareno walimhamishia Sultani wa Malindi huko, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na Malindi, uliokuwa mji wenye enzi, ukapungukiwa watu na biashara hata ukawa magofu na kichaka.

Kufufuka kwake ni habari chungu, nayo haifai kupitiwa kwa haraka. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid wa Zanzibar alipeleka askari na walowezi wakaikalia tena Malindi, na kwa kuwa ardhi ya nyuma ya mji ilikuwa tele na yenye rutuba, mashamba makubwa ya mtama na ufuta yalifunguliwa, na majahazi yakapakia nafaka kwenda Zanzibar na Arabuni. Jembe lilishikwa na watumwa. Kila gunia lililoondoka katika bandari ile lilikuwa na jasho la watu walionyakuliwa makwao, na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika pwani ya Kenya hata mwaka 1907. Kwa hiyo mtu akizisifu nyumba za kale za mji, ni haki awakumbuke pia wale waliozigharimia kwa miili yao. Wala misukosuko haikwisha hapo, maana mwaka 1914 Wagiriama, ambao tayari walikuwa wamehamasishwa na Mekatilili wa Menza kukataa kazi za shuruti na kodi, walipigwa vita na Serikali ya Kiingereza na kuamriwa kuhama ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki, ambako kulikuwa na mashamba yao mema.

Wakati huohuo, pasipo mtu yeyote wa Malindi kujua, jambo jingine lilikuwa likiandikwa chini ya maji. Matumbawe hukua tabaka kwa tabaka, mwaka hata mwaka, kama mti, na katika kila tabaka hubaki athari ya kile kilichokuwamo baharini mwaka ule. Wataalamu walitoboa tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300 na kupima madini yaletwayo na udongo wa mto, wakaona kwamba tangu 1700 hata kiasi cha 1900 udongo wa Sabaki ulikuwa karibu ni ule ule, na kuanzia hapo ukapanda bila kusita, hata kati ya 1974 na 1980 ukafikia mara tano mpaka kumi ya kiasi cha asili. Mimi sijui shahidi mwaminifu kuliko huyo. Hana kabila wala chama, na ushahidi wake wahusu mashamba ya juu, yakiwamo yetu.

Serikali ya kikoloni iliuona mmomonyoko huo mapema, lakini ilichagua kuona sehemu yake moja tu. Ilisema ng'ombe wa Wakamba wamezidi, ikasahau kusema kwamba watu walikuwa wamesukumwa ndani ya mipaka finyu na kunyimwa malisho waliyoyazoea. Mwaka 1938 mifugo ilipoanza kuchukuliwa na kuuzwa kwa lazima, maelfu ya watu wa Ukambani, wanaume, wanawake na watoto, walikwenda Nairobi na kupiga kambi kwa majuma kadhaa wakitaka kusikilizwa na Gavana. Serikali ikalazimika kulegeza kamba, ila kiongozi wao, Muindi Mbingu, ikampeleka uhamishoni Lamu, kwenye pwani ile ile inayopokea udongo uliozusha ugomvi.

Uhifadhi wa udongo ulioshindikana kwa amri ulifanyika baadaye kwa hiari. Vikundi vya mwethya, yaani vya kufanya kazi kwa kusaidiana, vingi vyao vya akina mama, vilichimba matuta ya fanya juu milima kwa milima: mfereji hukatwa kufuata usawa wa mteremko, udongo ukatupwa upande wa juu na kupandwa nyasi, na baada ya misimu kadhaa shamba lililokuwa likimwaga rutuba yake huwa bapa kama jamvi. Mwenye kupita Mbooni leo na kuona ngazi hizo za kijani kuanzia bondeni hata kileleni ana haki ya kujivunia nchi yake, na mtu wa Malindi ana haki ya kutushukuru. Lakini pia ana haki ya kutulaumu, kwa maana mchanga wa mito yetu umekuwa bidhaa ya malori, kingo zimebomoka, na ijapokuwa Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuuhifadhi mchanga mwaka 2015, sheria haina miguu pasipo watu wa kuisimamia.

Huko chini athari huonekana kwa kila mwenye macho. Baada ya masika ghuba ya Malindi hugeuka rangi ya matofali, matumbawe ya hifadhi ya bahari, iliyoanzishwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Watamu kuwa za kwanza nchini, hukosa mwanga, na ufuko mbele ya mji umetanuka kwa mchanga mpya. Miongoni mwa watu wauonao uchafu huo kila mwaka wamo wachongaji wa Kikamba, wana wa sanaa aliyoileta Ukambani Mutisya wa Munge baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wanaokaa Malindi wakichonga vifaru na twiga kwa mti wa mwarobaini. Hao wangefaa kualikwa katika mabaraza ya pande zote mbili za mto, kwa kuwa wao ndio wajuao juu na chini. Na baraza la namna hiyo halifai kucheleweshwa, kwani pale Thwake inapoungana na Athi linajengwa bwawa kubwa litakalozuia maji pamoja na mchanga, na mabadiliko yake yatafika Malindi kabla ya watu wa mji huo kuulizwa shauri.