Ghasia au Vita? Ukumbusho wa Wanawake wa 1929 Huko Ikot Abasi

Mgeni afikaye Ikot Abasi, karibu na mlango wa Mto Imo kusini-mashariki mwa Nijeria, hukuta ukumbusho wa wanawake waliopigwa risasi na askari wa serikali ya kikoloni tarehe 16 Desemba 1929. Kumbukumbu za Waingereza zilipaita mahali hapo Opobo. Msomi wa lugha hana budi kuuliza: wanawake hao walikufa katika jambo gani?

Taarifa za serikali zililiita "Ghasia za Aba". Waigbo huliita Ogu Umunwanyi, na Waibibio Ekong Iban. Majina yote mawili yana maana ya "vita vya wanawake". Tofauti hii si ndogo. Ghasia ni fujo ya kutulizwa. Vita huwa na sababu, mpango na adui.

Sababu ilikuwepo. Wanaume walikuwa wamehesabiwa, kisha wakatozwa kodi mwaka 1928. Novemba 1929, huko Oloko, mjumbe wa Okugo, chifu aliyewekwa na serikali, alimtaka mama aitwaye Nwanyeruwa ahesabu watu na mifugo yake. Wanawake wakaona kwamba zamu yao imefika, na huku bei ya mawese imeshuka. Mpango nao ulikuwepo: kina mama walipelekeana habari kutoka soko hadi soko, wakaitumia desturi ya kale ya "kumkalia mwanamume", yaani kuizingira nyumba ya mkosaji na kumwimbia mpaka akubali kosa lake. Mswahili wa pwani atakumbuka jinsi wanawake wanavyokwenda na ngoma kumsuta mtu mlangoni pake. Maofisa hawakuielewa lugha hiyo ya vitendo. Waliona kundi lenye wazimu, wakaamuru risasi. Kwa jumla waliouawa walizidi 50.

Baada ya Tume ya Uchunguzi ya 1930, mfumo wa machifu hao uliondolewa. Ni vigumu kudai kwamba fujo tupu ilileta mageuzi hayo. Mwaka 1972, Judith Van Allen alionyesha kwamba neno "ghasia" liliificha siasa ya wanawake hao.

Kiswahili kina mfano wake. Yale ambayo Wajerumani waliyaita uasi, mwaka 1905 hadi 1907, wenyeji huyaita Vita vya Maji Maji. Basi mfasiri wa historia ya Nijeria asikopeshwe jina na mtawala. Waliozikwa kwa sababu ya 1929 walikwisha kuipa vita yao jina.