Mlima ni wetu, njia ya kwenda juu ni ya nani?

Najua nimepotea kidogo. Kazi za gazetini zilinibana, halafu kuna kitabu kilinishika kikakataa kuniachia. Leo tuzungumze juu ya kitabu hicho, ila nawatahadharisha mapema: tutaanza na hadithi ya kubuni na tutaishia kwenye historia yetu wenyewe, Unguja na Malindi.

Nilikipata hapa Dar es Salaam kwa muuza vitabu vya mitumba, kimebanwa katikati ya vitabu vya uhasibu. Kinaitwa Blue Remembered Earth. Mwandishi wake ni Alastair Reynolds, mtu wa Wales aliyezaliwa mwaka 1966. Huyu habahatishi mambo ya angani. Amesomea elimu ya nyota hadi shahada ya udaktari, na alifanya kazi miaka mingi katika Shirika la Anga la Ulaya kule Uholanzi, mpaka mwaka 2004 alipoamua kuishi kwa kalamu. Riwaya hii ilitoka mwaka 2012, nayo ni ya kwanza kati ya tatu zinazofuatana.

Kilichonisimamisha pale barabarani ni maneno ya jalada la nyuma. Niliona Afrika, nikaona Amboseli. Nikalipa bila hata kuomba nipunguziwe, jambo ambalo si kawaida yangu.

Hadithi inatokea miaka ya 2160. Binadamu wamekwisha kusambaa katika mfumo wa jua. Mwezini kuna miji, Mirihi kuna wakazi, na mashine zinachimba barafu huko mbali ambako jua linaonekana kama nyota tu. Dunia imepita kwenye misukosuko ya hali ya hewa na watu kuhama makwao, ikatoka salama. Na bara linaloongoza kwa uchumi na teknolojia ni Afrika. Ndiyo, umesoma sawasawa.

Katikati ya yote kuna familia ya Akinya, yenye makao yake chini ya Kilimanjaro. (Rafiki zangu wa Kisumu watasema hapo herufi moja imeponyoka, kwao jina ni Akinyi. Tumsamehe.) Aliyeijenga familia hiyo ni mwanamke, bibi Eunice, mvumbuzi wa safari za mbali na mfanyabiashara. Anafariki akiwa na miaka 130, baada ya kujitenga miaka mingi peke yake katika makao yanayouzunguka Mwezi. Wajukuu wanabaki na mafumbo aliyoyaacha. Geoffrey, ambaye hataki biashara ya ukoo, anachotaka ni kuachwa afanye utafiti wa tembo wa Amboseli. Dada yake, Sunday, ni msanii anayeishi Mwezini. Binamu zao, Hector na Lucas, ndio wanaoendesha kampuni, nao wanamtuma Geoffrey Mwezini akafungue kisanduku ambacho bibi alikiacha benki. Kwa malipo gani? Fedha za utafiti wa tembo wake. Ndani ya kisanduku anakuta glavu kuukuu ya mwanaanga, na hapo safari inaanza. Siendelei, nisije nikawaharibia utamu.

Riwaya za binadamu kuhamia sayari nyingine si jambo geni. Arthur C. Clarke aliandika juu ya wakazi wa Mirihi mwaka 1951. Kim Stanley Robinson alitoa Red Mars mwaka 1992, na wale mia moja wa kwanza kuishi Mirihi wengi wao ni Wamarekani na Warusi. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi. Ukitaka kujua nani atakwenda juu, unaangalia nani ana roketi leo, unamwongezea miaka mia. Reynolds hakufanya hivyo. Kwake watu wanapanda angani kwa lifti inayoanzia Libreville, Gabon, na mizigo inafyatuliwa kupitia bomba kubwa lililojengwa Kilimanjaro.

Nilipofika kwenye lile bomba nilicheka peke yangu kwenye daladala. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu mahesabu yanakubali. Dunia inajizungusha, na kwenye ikweta ardhi inakwenda mbio karibu kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka ikweta inapewa mwendo huo bure. Ukirushia Baikonur, kule Kazakhstan, unapata kama kilomita 1,160 tu. Kilimanjaro uko nyuzi tatu kusini mwa ikweta, na kilele chake kina mita 5,895, ambako hewa ni nyepesi. Mwandishi alitazama ramani kama mhandisi, akaona sisi tumekalia nini.

Swali likanijia: je, ni yeye wa kwanza kuona? Hapo ndipo nilipofunga riwaya na kuanza kufukua historia.

Wa kwanza si yeye. Mwaka 1960 Uingereza, iliyokuwa ikiilinda Zanzibar kwa mujibu wa himaya, ilikubaliana na Marekani kujenga kituo cha kufuatilia vyombo vya angani kisiwani Unguja, eneo la Tunguu. Ulikuwa mradi wa Mercury, ule wa kumpeleka Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia. Chombo kikishavuka Atlantiki kilihitaji masikio chini yake, na katika bara letu masikio hayo yalikuwa mawili, Kano kule Nigeria na Zanzibar. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, alizungumza na watu waliokuwa Unguja, akiwemo daktari aliyefuatilia hali ya mwili wake.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa msichana wa miaka kumi na moja wakati huo. Nilipomuuliza mwezi uliopita, alinijibu huku akichambua mchele:

"Mjukuu wangu, sisi tukiambiwa pale watarusha maroketi, na Mrusi akikasirika atatupiga sisi kwanza."

Nikamwambia, "Bibi, hapakuwa na roketi pale. Ilikuwa mitambo ya kusikiliza tu."

Akaniangalia. "Na nani alikuja kutwambia?"

Sikuwa na jibu. Vyama vya siasa viliandamana kupinga kituo kile, hofu ya roketi ikawa hoja ya majukwaani, na waliokuwa wakijua ukweli hawakuwa na haraka ya kumweleza mwenye shamba la mikarafuu. Yalipotokea Mapinduzi ya Januari 1964, Wamarekani wa kituo waliondoshwa, na miezi michache baadaye serikali ya Mzee Karume ikataka kituo chenyewe kiondolewe. Kikaenda. Sijasikia kwamba kiliacha Unguja hata darasa moja la elimu ya nyota.

Wa pili walikuwa Wataliano, na hawa walikwenda Malindi. Profesa Luigi Broglio aliona kile kile ambacho Reynolds angekiona miaka mingi baadaye, kwamba ikweta ni mali. Wakasimamisha jukwaa la chuma baharini, kama yale ya kuchimbia mafuta, katika ghuba ya Ungwana, wakaliita San Marco. Kati ya mwaka 1967 na 1988 setilaiti tisa zilikwenda juu kutoka kwenye maji ya Kenya.

Moja ya hizo kila mtoto wa Afrika Mashariki angepaswa kufundishwa. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, na kwa heshima ya siku hiyo wakaiita Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya Marekani, na ndiyo ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kutazama eksirei zinazotoka angani. Kabla yake wataalamu walipeleka vyombo vilivyokaa juu dakika chache na kuanguka. Uhuru ilikaa ikifanya kazi zaidi ya miaka miwili, ikaorodhesha vyanzo 339, na vipimo vyake juu ya kitu kinachoitwa Cygnus X-1 vilisaidia kuwashawishi wanasayansi kwamba mashimo meusi yapo kweli. Kiongozi wa watafiti, Riccardo Giacconi, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Kwa hiyo neno la Kiswahili lilifika angani, tena kutoka pwani ya Waswahili, likiwa limeandikwa ubavuni mwa chombo kisichokuwa chetu, juu ya roketi isiyokuwa yetu.

Halafu tazama mambo yalivyopinduka. Mwaka 2018 Kenya ilipopata setilaiti yake ya kwanza, kadogo unakoweza kukabeba mkononi, haikutoka Malindi. Ilitolewa angani kutoka Kituo cha Kimataifa. Mwaka 2023 ilipofuata Taifa-1, iliyosanifiwa na wahandisi wa Kenya, ilibidi ibebwe hadi California, nyuzi zaidi ya thelathini kaskazini mwa ikweta. Wageni walikuja kwetu kurusha vya kwao, na sisi tunakwenda kwao kurusha vya kwetu. Silaumu. Roketi ni ghali, na aliye nayo ndiye anayepanga bei na foleni. Lakini ina maana kwamba kuwa na ikweta si sawa na kuwa na njia.

Nilipomweleza mhariri wangu kwamba nataka kuandika haya, alisema hadithi za kubuni si habari. Kwa upande wa gazeti pengine yuko sawa, ndiyo maana nayaandika hapa. Lakini nafikiri hadithi za kubuni ndizo zinazotangulia. Mtu hajengi asichowahi kukiota.

Na tusije tukadhani kwamba kuota huko tumemwachia mtu wa Wales peke yake. Miaka kumi na saba kabla yake, mwaka 1995, Katama Mkangi, mwana wa pwani ya Kenya, alitoa Walenisi. Shujaa wake, Dzombo, anahukumiwa kufa kwa kufungiwa ndani ya chombo cha angani. Badala ya kufa, anajifunza kukiendesha na kufika kwenye sayari ambako watu wanaishi kwa haki. Jina la sayari ni fumbo jepesi: wale ni sisi. Mkangi alikuwa amekwisha kuonja kizuizini mwaka 1986, kwa hiyo alipoandika juu ya mtu aliyefungiwa chomboni alijua anachosema. Nilisoma sosholojia yake chuoni, na hakuna mtu aliyeniambia kwamba alituandikia pia safari ya angani.

Ukiziweka riwaya hizi mbili pamoja utaona zinakutana mahali pamoja. Reynolds ametupa roketi, lifti, mlima, utajiri wote. Lakini soma vizuri. Njia ya juu si ya Waafrika, ni ya kampuni ya ukoo mmoja. Hector na Lucas ni weusi kama sisi, wanazikana na kuombolezana kama sisi, na bado wanajua bei ya kila mtu, hata ndugu yao mwenye tembo. Geoffrey anaikimbia biashara kwa sababu anaona imesahau ilikotoka. Mwingereza aliporuhusu kituo cha Tunguu kijengwe hakumuuliza bibi yangu. Je, Akinya mwenye kampuni angemuuliza? Mkangi angejibu kwamba sayari ya haki haipatikani kwa kubadilisha rangi ya mwenye chombo.

Hilo ndilo linalonisumbua tangu nilipomaliza kurasa zile. Ndani ya maisha yangu, Mungu akipenda, yatakuja mazungumzo mapya kuhusu pwani yetu na roketi. Ikweta haihami. Atakuja mtu na mkataba, Mzungu, Mchina, au Mswahili mwenzetu aliyevaa suti. Mimi mwandishi wa habari nitakuwa nimeshika kalamu. Sitaki mjukuu wangu aje aniulize nilichoulizwa mwezi uliopita, nani alikuja kutwambia, na mimi niwe nimekaa kimya kwa kuwa si habari.

Jumapili iliyopita nilimsimulia bibi habari za Eunice, yule wa miaka 130 aliyeishi peke yake karibu na Mwezi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza nani alikuwa akimpikia.

Haya, wenye Walenisi kabatini waitoe waisome tena. Asiyenayo aazime. Na kama una bibi au babu anayekumbuka Tunguu au jukwaa la Malindi, muulize leo, uniandikie. Tuonane wiki ijayo.