Milizamu ya Kiriri: Maji ya Paa na Historia ya Mji

Wanaoandika historia ya Bujumbura huanzia kwenye kambi ya Wajerumani ya mwaka 1897, wakaendelea na bandari na soko. Mimi nitaanzia kwenye ukingo wa paa. Hapo ndipo unapokaa mlizamu, ule mfereji mwembamba wa bati unaopokea mvua na kuiteremsha chini kwa bomba. Fundi niliyemsaidia kazi, mzee wa Buyenzi, aliuita gutiyeri, na alinicheka nilipomtajia neno la pwani. Hoja yangu ni kwamba mlizamu unaonyesha nani alikusudiwa kukaa pakavu na maji yake yalitupiwa nani.

Wabelgiji waliuchukua mji huu mwaka 1916, wakati huo ukiitwa Usumbura, wakaufanya makao ya utawala wa Ruanda-Urundi. Waliupanga kwa rangi za watu. Waafrika waliwekwa Buyenzi na Bwiza, na baadaye Ngagara, ambayo wenyeji bado huiita Ocaf kwa jina la ofisi ya kikoloni iliyoijenga. Wahindi walikuwa na mtaa wao, nao unaitwa Asiatique hadi leo. Kiriri, mlimani juu ya mji, palikuwa mahali pa Wazungu. Sababu haikuwa mandhari ya ziwa peke yake. Mwaka uleule wa 1897 Ronald Ross, akiwa India, aligundua kwamba vijidudu vya malaria hukua ndani ya mbu, na tangu hapo maafisa wa kikoloni barani Afrika walipenda kuishi juu penye upepo, mbali na maji yaliyotuama. Kwa hiyo nyumba ya mlimani ilitakiwa iyaondoe maji haraka. Yalikokwenda hayakuwa tatizo la mwenye nyumba.

Nyumba ninayoizungumzia ilijengwa miaka ya 1950, na mwenyewe, mama mmoja mstaafu, aliamua kubadilisha milizamu yote wakati wa kiangazi, kabla mvua za Septemba hazijarudi. Kushusha milizamu ya zamani ni sawa na kufunua tabaka za udongo. Upande wa mbele, unaotazama ziwa, tulikuta zinki tupu, nzito, viungo vyake vimeunganishwa kwa lehemu kwa ustadi ambao mzee aliusifu kwa kupiga mluzi. Zinki ni fahari ya Wabelgiji: ni Jean-Jacques Dony wa Liège aliyepata njia ya kuiyeyusha kwa wingi mwanzoni mwa karne ya 19. Ubavuni palikuwa na vipande vya bati la chuma lililopakwa zinki, ufundi aliousajili Mfaransa Stanislas Sorel mwaka 1837. Hivyo vilikuwa viraka vya baada ya uhuru wa 1962, vimepigwa ribiti na kuzibwa kwa lami. Jikoni kulikuwa na bomba la plastiki lililopasuka kwa jua. Zama tatu kwenye paa moja, na kila zama ina bei yake na fundi wake.

Lakini kilichonifundisha zaidi ni mahali ambapo hapakuwa na mlizamu wowote. Nyuma ya nyumba kubwa kuna vyumba viwili vilivyojengwa mwaka uleule, kwa matofali yaleyale, kwa ajili ya boi na familia yake. Paa lake halikuwahi kufungwa mlizamu. Hakuna alama ya ndoano hata moja kwenye mbao. Mvua ya miaka sitini na zaidi imechimba mstari ulionyooka mbele ya milango, na ukuta umelika hadi usawa wa goti. Tena bomba la nyumba kubwa upande ule lilimwaga maji hatua mbili tu kutoka kwenye mlango wa kwanza. Hati za kikoloni hutaja viwanja na kodi; sidhani kama kuna karani aliyeandika kwamba boi atalala na unyevu. Ukuta wenyewe umeandika.

Hesabu yake si ngumu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 150, mvua ikinyesha milimita 40 alasiri moja, hutoa lita 6,000. Kwa mwaka Bujumbura hupata milimita 800 hivi, maana yake lita 120,000 kutoka paa moja. Maji hayo huingia kwenye mfereji wa mawe barabarani, kisha hushuka. Zidisha kwa nyumba zote za mlimani, ongeza lami na saruji, ndipo utaelewa kwa nini kingo za mito kama Ntahangwa zinamomonyoka na kumeza viwanja vya watu. Nisieleweke vibaya: mafuriko ya usiku wa tarehe 9 Februari 2014, yaliyoua zaidi ya watu 60 katika mitaa ya kaskazini kama Kamenge na Kinama, yalitoka kwenye milima mingine, si kwenye mapaa ya Kiriri. Ila kanuni ni ileile: anayekaa chini hupokea.

Mama mwenye nyumba alitaka plastiki, kwa kuwa ni rahisi, na mabomba yarudi palepale. Mzee alishuka ngazi, akafuta mikono.

“Mama, bomba nitalirudisha. Lakini mjukuu wako analala chumba kile.”

Ni kweli. Vyumba vya boi sasa anaishi mjukuu wake na mke na mtoto mchanga. Mama alinyamaza kidogo, akauliza bei ya tangi.

Siku nne baadaye vyumba vya nyuma vilikuwa na mlizamu wa kwanza katika historia yake, wa bati jipya, umeinamishwa nusu sentimita kwa kila mita ili maji yasitulie na kuzaa mbu. Kona moja ya zinki ya zamani niliiomba. Nimeiweka mezani kwangu. Mabomba yote sasa yanaishia kwenye tangi la lita 5,000. Kwa paa la nyumba kubwa peke yake, tangi hilo hujaa baada ya milimita 33 za mvua, na yanayozidi hupita kwenye mfereji uleule wa mawe kuelekea chini.