Mnyororo Uliolala: Historia ya Upolimishaji wa Methakrilati na Pengo la Istilahi za Kiswahili, Dzaleka na Lilongwe

Historia ya kemia na historia ya istilahi za Kiswahili hazikwenda kwa mwendo mmoja. Makala hii inalichunguza pengo hilo kupitia upolimishaji wa methakrilati, yaani uunganishaji wa molekuli ndogo, au monoma, kuwa minyororo mirefu iitwayo polima.

Kioo cha plastiki kitokanacho na methili methakrilati kiliingia sokoni miaka ya 1930. Mwaka 1949, jijini London, daktari Harold Ridley alikitumia kutengeneza lenzi ya kupandikizwa katika jicho la mgonjwa wa mtoto wa jicho. Mwaka 1960 Otto Wichterle na Drahoslav Lím wa Chekoslovakia walitangaza polima laini inayofyonza maji, itokanayo na methakrilati yenye kikundi tendaji cha haidroksili.

Polima hizo zilitegemea radikali huru, yaani chembe zenye elektroni isiyo na mwenzake. Radikali mbili zikikutana, minyororo hukoma kukua. Kwa hiyo urefu wake ni vigumu kuudhibiti. Mwaka 1956 Michael Szwarc alionyesha minyororo isiyokoma, lakini njia yake ya ayoni haikuvumilia maji wala kikundi kama haidroksili. Mwaka 1995 Mitsuo Sawamoto nchini Japani na Krzysztof Matyjaszewski nchini Marekani, kila mmoja kivyake, walitumia vichocheo vya metali kuilaza sehemu kubwa ya minyororo na kuiamsha michache kwa zamu. Kwa kuwa iliyo macho ni michache, hukutana kwa nadra, na yote hukua karibu sawa. Hapo ndipo monoma zenye vikundi tendaji zilipoweza kuunganishwa kwa urefu uliokusudiwa.

Kwa upande wa lugha, kamati ya kusanifisha Kiswahili iliundwa mwaka 1930. Mrithi wake, TUKI, ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, miaka 5 kabla ya ugunduzi huo. Mwaka 2019 SADC ilikifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Hadhi ilipanda, istilahi hazikupanda nayo.

Pengo hilo lina uzito Dzaleka, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa, si mbali na Lilongwe, ambako Kiswahili huwaunganisha Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda. Aliyesoma kwa Kifaransa huelekea kusema “polimeri”, aliyesoma kwa Kiingereza “polima”. Mgonjwa wa mtoto wa jicho anayepelekwa Lilongwe hukutana na Kichewa na Kiingereza. Mkalimani akikosa neno la kueleza kitu kitakachobaki jichoni maisha yote, ridhaa ya mgonjwa huwa ya jina tu.

Historia yenyewe inaonyesha njia. Kufasiri “radikali” kwa neno “kali” kungepotosha, kwani humwelekeza msikilizaji kwenye siasa. Afadhali “radikali huru” ibaki, na utendaji wake ufafanuliwe kwa maneno yaliyo tayari kinywani mwa watu: mnyororo uliolala, mnyororo ulioamka. BAKITA na taasisi za lugha za Malawi zikitunga istilahi pamoja na wakalimani wa Dzaleka, istilahi hizo zitajaribiwa pale zinapohitajika kabla ya kuingizwa kamusini.