Kutoka kipande hadi kitambulisho

Leo naweka programu kando, tuongee historia kidogo.

Juni 2021 nilikuwa nyumbani Voi, Wakenya walipoanza kuingia eCitizen na kukuta wamesajiliwa kwenye vyama vya siasa bila habari zao. Nikawacheka. Kisha nikajitazama mwenyewe, kumbe na mimi ni mwanachama! Kadi sijawahi kuiona, mkutano sijawahi kuhudhuria. Nilijiondoa, lakini swali likabaki: namba yangu waliitoa wapi?

Marehemu babu angecheka. Baba yake alifanya kazi kwenye mkonge, enzi za kipande. Sheria yake ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alitembea na karatasi yenye alama za vidole vyake, ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inia shingoni. Humo mwajiri aliandika tarehe ya kuanza kazi, mshahara na tarehe ya kuondoka. Asipotia sahihi ya kukuachilia, kwingine hupati kazi, na ukiondoka hivyo hivyo wewe ni mtoro, unasakwa. Harry Thuku alikipinga, akakamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe wakapigwa risasi. Sheria ya 1947 ndiyo iliyoleta usajili wa watu wa rangi zote. Wanawake waliingizwa 1978 tu, hebu fikiria!

Sasa tazama mambo yalivyogeuka. Kipande kilimfunga mwenyewe, hakikuwa na kazi bila vidole vyake. Namba yangu inatembea bila mimi. Kwa macho ya mtu wa programu, kosa ni hili: tunaitumia kama jina la mtumiaji na kama nywila kwa wakati mmoja. Na nywila yenyewe tunaiandika kwenye daftari la askari wa getini, pamoja na namba ya simu! Wiki jana, hapa hapa Voi, nilisoma ukurasa mzima wa walionitangulia. Askari hata hakunitazama.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kumuuliza mwenye daftari ana nini chako, na kutaka kifutwe kisipohitajika. Na kwenye laini ya Safaricom, bonyeza *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Juzi nilimwomba mama abonyeze. Zikatoka mbili, zote zake. Akashusha pumzi, kisha akaniuliza: na ile nakala niliyoisahau kwenye duka la fotokopi?