Titi la Kufuma: Kazi ya Mikono ya Manusura wa Saratani Mjini Kampala

Mtu atakaye kuandika historia ya maradhi ya saratani mjini Kampala hapungukiwi na maandishi. Daktari Albert Cook, aliyefungua hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa na desturi ya kuandika habari za wagonjwa wake kwa utaratibu, na maandishi hayo yakadumu. Mwaka 1964 Profesa J. N. P. Davies na wenzake walichapisha uchunguzi wa madaftari ya Mengo tangu mwaka 1897 hadi 1956, wakionyesha saratani za kila namna zilizoonekana hospitalini humo, ile ya titi ikiwamo. Mwaka 1951 ilianzishwa huko Makerere rejista ya saratani, ambayo ni miongoni mwa zile kongwe kabisa barani Afrika. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, aliandika habari za uvimbe wa taya za watoto ambao hata leo waitwa kwa jina lake. Na mwaka 1967 kikafunguliwa papo hapo Mulago kituo kilichokua hata kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Wataalamu wageni walipoondoka katika zama za Idi Amin, Daktari Charles Olweny aliishika taasisi hiyo tangu mwaka 1972, akaiendesha katika miaka ambayo kila kitu kilikuwa adimu.

Hiyo ni historia ya kujivunia, na hatuna nia ya kuipunguza. Ila vitabu vyote hivyo humwacha mwanamke mlangoni pa hospitali. Vyatuambia titi lilikatwa lini, na mara nyingine vyatuambia mgonjwa aliishi miaka mingapi baadaye. Havituambii alitia nini ndani ya gomesi yake siku aliyokwenda kwenye arusi ya mdogo wake.

Swali hilo laweza kuonekana dogo. Nasi tuliliona dogo, mpaka lilipotukuta katika chumba cha walimu.

Tulikuwa na mwalimu mwenzetu, dada mwenye umri wa kutuzidi, ambaye baada ya likizo ndefu ya ugonjwa alirudi kazini akiwa na tabia mpya: aliandika katika nusu ya chini ya ubao tu. Wanafunzi waliokaa nyuma walilalamika kuwa hawasomi. Sisi wenzake tulinong'ona kuwa amekuwa mvivu. Hatukujua kwamba daktari akikata titi aghalabu huondoa pia tezi za kwapani, na kwamba mkono wa upande ule hukaza, ukawa hauinuki kupita bega kwa majuma au miezi. Wala hatukujua kwamba kipande cha leso kilichokunjwa mara nne ndicho kilichokuwa kikijaza upande wa kushoto wa blauzi yake.

Kukunja leso ni njia ya zamani, na kila mwanamke aliyepita huko alijibunia yake: pamba ya dukani, soksi, sponji ya godoro, hata nafaka katika kifuko. Kila moja ina kasoro. Pamba hujikusanya ikawa donge. Sponji ni nyepesi, hupanda juu mpaka kwenye mfupa wa shingo. Nafaka ina uzito mzuri lakini huwezi kuifua. Na katika Buganda, ambako mwanamke hupiga magoti na kuinama anapowaamkia wakubwa, ipo hofu ambayo mwanamume hawezi kuikisia upesi: hofu ya kuinama mbele ya wakwe na kitambaa kikadondoka mkekani. Dada yetu alitukiri baadaye kuwa kwa mwaka mzima hakuhudhuria sherehe yoyote ya ukoo. Ndugu zake walidhani ana kiburi.

Kwa nini wanawake wa Kampala wapotezao titi zima ni wengi? Yafaa tueleze, maana hapa ndipo historia ya mashine inapokutana na historia ya uzi. Daktari aweza kuondoa uvimbe peke yake na kuliacha titi, lakini kwa desturi ya utabibu sharti upasuaji huo ufuatwe na tiba ya mionzi. Mulago ilianza kutoa tiba hiyo mwaka 1995, ikitegemea mashine moja. Mwaka 2016 mashine ile ikavunjika isitengenezeke, na mpya ikazinduliwa Januari 1918 + 100, yaani mwaka 2018; kwa muda wote wa katikati nchi nzima haikuwa na mashine ya mionzi katika hospitali zake za serikali. Ongeza hapo kwamba wagonjwa wengi hufika hospitali wamekwisha chelewa, uvimbe umekwisha kuwa mkubwa. Basi kisu hukata chote. Na wagonjwa wenyewe wameongezeka: rejista ya Kyadondo, kaunti inayouzunguka mji wa Kampala, ilionyesha kuwa mwaka 1961 saratani ya titi iliwapata wanawake kama 11 katika kila 100,000 kwa mwaka, na kufikia mwaka 1995 wakawa kama 22.

Titi la silikoni linalotengenezwa kiwandani lipo, lakini huagizwa kutoka ng'ambo, nalo ni ghali kwa mshahara wa mwalimu, sembuse muuza ndizi wa soko la Nakasero. Zaidi ya hayo ni zito, na katika joto la mchana humfanya mvaaji atokwe jasho juu ya kovu.

Aliyemtoa dada yetu katika leso yake alikuwa mwanamke mmoja wa kikundi cha manusura, aliyemtembelea nyumbani akiwa na mfuko wa karatasi. Ndani ya mfuko mlikuwa na vitu vitatu. Kwanza, mto mdogo wenye umbo la moyo, ambao huwekwa kwapani ili mkono usiguse jeraha. Masikio mawili ya moyo ule huukumbatia mkono mbele na nyuma, na hiyo ndiyo sababu ya umbo lenyewe, si mapambo. Pili, kifuko cha kitambaa chenye ukanda wa kutia shingoni, cha kubebea chupa inayopokea majimaji ya jeraha katika siku za kwanza. Hicho kilikuwa kimechelewa, naye alicheka alipokiona, akasema laiti angalikipata wodini, ambako alikuwa akiishika chupa mkononi kama mtu aendaye kuchota maji. Tatu, titi lililofumwa kwa uzi wa pamba.

Tumelishika titi hilo mikononi mwetu, kwa idhini yake, na twaweza kulieleza. Hufumwa kwa mzunguko, kwa sindano nne au tano zenye ncha pande zote mbili, kama ifumwavyo soksi. Mfumaji huanza na vitundu vingi vya duara la nje, kisha huvipunguza safu baada ya safu hata vikabaki vichache katikati, naye huvikaza kwa uzi vikawa chuchu. Nyuma huwa na uwazi wa kutilia ujazo, ili mvaaji aongeze au apunguze mpaka pande mbili zilingane, na ili autoe siku ya kufua. Uzi hutakiwa uwe wa pamba laini, kwa sababu sufu huwasha ngozi yenye kovu. Kwa uzito, wengine hushonea ndani kifuko kidogo chenye kitu kizito, kwa chini, ili lisipande. Kazi ni ya jioni chache kwa mwenye mkono mwepesi.

Mikono hiyo haikutoka hewani. Shule ya wasichana ya Gayaza, iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1905, ilifundisha kushona pamoja na kusoma, na inasimuliwa kuwa gomesi yenyewe ilipata umbo lake la leo kwa mkono wa fundi Mgoa aliyeitwa Gomes kwa ajili ya wasichana wa hapo. Pamba nayo ililetwa Uganda mwaka 1903 na Kenneth Borup, aliyewagawia machifu mbegu. Wapo wanawake wengi mjini Kampala waliosomesha watoto kwa kufuma masweta ya shule. Wafumaji wa matiti hawakujifunza ufundi mpya. Walibadili kipimo tu.

Wazo lenyewe la mgonjwa aliyepona kumtembelea mgonjwa mpya lina historia yake nje. Huko New York, mwaka 1952, Terese Lasser, aliyekuwa amekatwa titi, alianza kuwatembelea wanawake wodini akiwa na mpira mdogo na kamba vya mazoezi ya mkono, pamoja na titi la muda la kuvaa. Madaktari wengine hawakumpenda. Walimwona mtu wa nje ajipenyezaye wodini. Ufumaji wa titi ulienea baadaye sana, baada ya Beryl Tsang wa Toronto kutangaza kielelezo chake mwaka 2005, na hasa tangu mwaka 2011 Barbara Demorest wa jimbo la Washington alipokusanya wafumaji wa kujitolea wa kugawa bila malipo. Kutoka hapo uzi umefika Kigali, na Thika nchini Kenya, ambako fundi cherehani aliyeugua mwenyewe huwafundisha wenzake. Kampala ilikwisha kuwa na watu wa kuupokea: mwaka 2004 wanawake waliougua saratani ya titi walikuwa wameunda chama chao, UWOCASO, ili mgonjwa mpya apate mtu wa kuzungumza naye ambaye ameipita njia ile ile.

Wapo wanaouliza, nasi tumewasikia, kama si afadhali nguvu hizi zitumike kuwahimiza wanawake waende hospitali mapema. Mto wa moyo hautibu. Ni kweli hautibu. Lakini twaona kuwa swali hilo huulizwa na watu ambao hawajapata kukaa na mwanamke anayekataa upasuaji. Wengi hukimbia kisu kwa kuogopa watakavyoonekana baada yake, na wakirudi ni mwaka mmoja au miwili baadaye. Mwanamke anayeketi kitandani pao, amevaa blauzi iliyokaa sawa, huwaonyesha kitu ambacho bango la ukutani haliwezi.

Tumefika sasa kwenye jambo lililotufanya tuyaandike haya katika taarifa ya walimu wa lugha.

Siku moja tulikuwa tukifundisha kivumishi cha bandia. Tulipanga mifano ubaoni kama tulivyozoea: noti bandia, dawa bandia, cheti bandia, meno ya bandia, mguu wa bandia, titi la bandia. Dada yetu alikuwa ameketi nyuma ya darasa akisahihisha madaftari yake. Somo lilipokwisha alitufuata ukumbini, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Mwalimu, kumbe mimi nami leo nimevaa noti ya kugushi.”

Tulitaka ardhi itumeze. Tulijaribu kujitetea kielimu, tukasema kwamba zamani bandia lilikuwa jina la mwanasesere, mwana wa bandia, wala halikuwa na ubaya. Akajibu, “Najua, ndugu yangu. Lakini watoto hawa hawajui mwana wa bandia. Wanajua noti.”

Alisema kweli. Neno limehama. Halikadhalika yafaa tuyatazame maneno mengine ya ugonjwa huu. Saratani tumeipata kwa Waarabu, na maana yake ni kaa wa baharini, kama ilivyo kwa neno la Kilatini lililotupa kansa. Matabibu wa kale waliona mishipa ya uvimbe imetanda kama miguu ya kaa. Mwanafunzi wa Kampala ambaye hajaiona bahari haogopeshwi na kaa. Manusura nalo ni neno zuri kuliko wengi wanavyofahamu, kwa kuwa mzizi wake una maana ya kusaidiwa na kushinda. Tumezoea kulisikia katika habari za meli zilizozama, nalo lawafaa wanawake hawa vilevile.

Tulimwuliza dada yetu yeye hukiitaje kile kitu chake. Akasema wenyewe wakizungumza Kiswahili husema titi la kufuma. Tuliposikia tuliona jinsi lilivyokaa sawa na mazoea ya lugha: mkate wa kusukuma, kiti cha kusuka, titi la kufuma. Kitu kimetajwa kwa kazi ya mikono iliyokifanya, na hakuna anayeitwa mwongo.

Mkono wake umepata kuinuka. Zoezi waliloagizwa wagonjwa ni kusimama karibu na ukuta na kupandisha vidole polepole, kisha kutia alama pale vilipofika, ili kesho vipande zaidi. Yeye alilifanya ubaoni, asubuhi kabla ya kengele, kwa chaki. Tuliziona alama zile kwa majuma mengi, vistari vifupi vya kupanda pembeni mwa ubao, tukadhani ni michezo ya watoto, na mara mbili tukazifuta.

Katika orodha yetu ya msamiati wa shule tumeandika titi la kufuma kwa lile la uzi, na titi la kuvaa kwa aina zote pamoja na lile la silikoni. Mto wa kwapani haukutupa taabu. Kifuko cha kubebea chupa ya jeraha bado hakina jina fupi. Walimu wa Jinja, Mbale na Masaka, na wenzetu wa pwani, ambao wamesikia jina lolote likitumiwa wodini au vikundini, tunawaomba watuandikie kabla ya toleo lijalo.